Commodore 64 ya mzee inawaka taa tu, spea zake nitapata wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nalifupisha: baba yake alisoma Uingereza, akarudi mwaka 1986 na kompyuta ya Commodore 64 pamoja na kinasa kaseti chake, ikatumika miaka kadhaa halafu ikaingia stoo. Juzi kaitoa, kaifuta vumbi, kaichomeka, taa nyekundu inawaka vizuri ila TV imebaki nyeusi tii. Fundi wa jirani kamwambia spea za hiyo kitu hazipo tena duniani, bora auzie watu wa vyuma chakavu. Anataka kujua spea atapata wapi na anunue nini, na je zile kanda za mzee bado zina kitu ndani.

Marahaba mdogo wangu. Kabla hujasoma mbele nenda kachomoe hiyo pawasaplai ukutani, kama bado iko hapo, na usiichomeke tena kwenye mashine mpaka tumalizane. Nitakueleza kwanini.

Fundi wako hajakosea sana, ila kaweka spea zote kapu moja. Ndani ya hiyo mashine kuna vitu vya aina tatu. Kuna vitu vya kawaida kabisa ambavyo hata leo vinatengenezwa, vipo mpaka Kariakoo. Kuna vitu ambavyo kiwanda kilishakufa ila wapenzi wa hizi mashine huko Ulaya na Marekani wamevitengeneza upya kwa teknolojia ya saivi. Halafu kuna vichache ambavyo ukitaka orijino lazima vitoke kwenye mashine nyingine iliyokufa, hamna njia. Kwahiyo swali la wapi nitapata linakuja la pili, la kwanza ni kipi kimekufa, maana watu wengi wanaanza kuagiza chipu za hela nyingi kumbe mashine ilikuwa inadai kitu cha elfu mbili.

Tuanze na pawasaplai maana hapo ndo penye kesi. Ile ya C64 ni lile boksi zito lililomwagiwa gundi ngumu ndani, fundi hawezi kulifungua bila kulivunja, na linatoa umeme wa aina mbili, volti 5 DC na volti 9 AC. Ubaya wake ni huu, ikizeeka regyuleta ya ndani inashindwa kazi, na ikishindwa haizimi, inaachia volti zinapanda zinakuwa 6, 7, hata zaidi, na zile volti 5 zinaenda moja kwa moja kwenye RAM (chipu za kumbukumbu ya mashine) na chipu nyingine bila kupita kwenye ulinzi wowote. Taa nyekundu itawaka vilevile kama kawaida. Yaani unaikuta mashine imekaa miaka 30 nzima kabisa, mtu anaiwasha kwa furaha na pawasaplai yake ya asili, anaiua hapohapo mwenyewe. Kwahiyo sheria yangu mimi, pawasaplai ya asili hairudi kwenye mashine hata kama imepima sawa, maana inaweza kupima 5.1 leo ikiwa baridi halafu ikishapata moto nusu saa inapanda.

Kupima ni rahisi. Tafuta multimita, hata ya elfu ishirini thelathini inatosha. Plagi ya pawasaplai ina pini 7. Pini namba 5 ni volti 5, namba 2 ni graundi, 6 na 7 ni zile volti 9 AC. Usipime huku imechomekwa kwenye kompyuta. Ukikuta 5 inasoma zaidi ya 5.25, basi una jibu la nani muuaji, sasa tunatafuta marehemu ni wangapi.

Pawasaplai mpya za C64 zinauzwa, kuna watu Ulaya wanazitengeneza na eBay zipo, ila kwa uzito wake usafirishaji unauma, kwahiyo kwa mtu wa Tanga naona bora utengenezewe. Unahitaji adapta nzuri ya volti 5 yenye angalau ampia 2, chukua yenye jina, sio zile chaja za kupanga chini, plus transfoma au adapta ya volti 9 AC. Hiyo ya pili ndo inasumbua maana dukani ukiomba adapta ya volti 9 unapewa DC. Soma maandishi ya mgongoni, upande wa OUTPUT lazima iandikwe AC au kiwe na kile kimstari cha wimbi ~. Zilikuwa zinakuja na modemu za zamani za kupiga kwa laini ya simu, zile za enzi za intaneti ya milio, tafuta kwa mafundi wenye makabati ya vitu vya zamani utaipata, ampia 1 inatosha kwa matumizi ya nyumbani. Ile volti 9 usiione haina kazi, ndo inayotengenezewa volti 12 za chipu ya sauti na ya picha, na ndo inazungusha mota ya kaseti.

Plagi ya pini 7 mjini hutaipata kirahisi, kwahiyo kata ile ya pawasaplai ya zamani na waya wake, hiyo ndo spea pekee utakayoitoa mle. Na usiamini rangi za waya, pima kila waya umefika pini gani kabla hujapiga solda. Kuna pia kikasha kidogo cha ulinzi kinachokaa katikati ya pawasaplai na kompyuta, kinakata umeme volti zikizidi, ukiweza kukipata weka, hata mafundi wa Dar wanaweza kukutengenezea wakijua unataka nini.

Haya sasa fungua mashine. Skrubu tatu chini mbele, inafunguka kama kitabu, kuwa makini na waya za kibodi na za taa. Kabla hujagusa kitu piga picha. Tafuta namba ya ubao, imechapwa pale kwenye mazabodi, itakuwa 326298 au 250407 au 250425 au 250466, hizo ndo bodi ndefu. Ukikuta 250469 hiyo ni bodi fupi ya baadaye na stori yake ni tofauti kabisa, kwa mashine iliyonunuliwa kabla ya 1986 kuisha sitegemei uikute ila angalia tu. Hii namba ni muhimu kuliko unavyodhani, kwasababu chipu ya sauti ya bodi ndefu, 6581, inakula volti 12, na ile ya bodi fupi, 8580, inakula volti 9. Wauzaji wa mtandaoni wanaziandika zote "SID ya C64" basi. Ukiweka ya bodi fupi kwenye bodi ndefu umeichoma, na hiyo sio hela ya kuchezea.

Kwa pwani mimi naanza na soketi. Unyevu na chumvi ya Tanga vikikaa miaka yote hiyo kwenye miguu ya chipu, miguu inakuwa myeusi, na zile soketi za bei rahisi za wakati ule zinapoteza mgusano. Chipu ambazo ziko kwenye soketi, zitoe taratibu kwa bisibisi bapa ndogo, pande zote mbili kidogo kidogo, using'oe upande mmoja ukapinda miguu, futa kwa spiriti ile kali ya asilimia 99, rudisha ukiangalia kile kialama cha nusu duara kinatazama upande uleule kama kwenye picha yako. Bila kununua chochote mashine kadhaa zinafufuka hapa. Angalia na mayai ya mende, nasema kweli, kwenye kibodi hasa. Na ile fyuzi ya kioo iliyoko ndani upande wa swichi, 1.5A, ikikatika hupati 9 AC, yaani hupati picha wala sauti huku taa inawaka kama kawaida. Fyuzi hiyo dukani ni bei ya chapati.

Kama bado nyeusi, sasa ndo tunaingia kwenye chipu. Washa na pawasaplai mpya, subiri dakika moja mbili, gusa kwa kidole. Chipu za RAM ni zile nane zilizopangwa kwa makundi (bodi ya 250466 ndo ina mbili tu), kwenye bodi nyingi za wakati huo ni U9 mpaka U12 na U21 mpaka U24, aina ya 4164, kila moja inabeba biti moja, kwahiyo ikifa moja tu kompyuta nzima imelala. Zote zinatakiwa ziwe vuguvugu zinafanana. Ukikuta moja inaunguza kidole, hiyo. Kama RAM zako zimeandikwa Micron MT4264 basi anza kuzishuku hata kabla ya kugusa, zinajulikana kwa kufa. Chipu ya picha inakuwa ya moto hata ikiwa nzima, usiihukumu kwa hilo.

Ila RAM iliyokufa sio lazima iwe ya moto, ndo maana bora upate katriji ya majaribio inaitwa Dead Test. Unaichomeka nyuma, unawasha, haihitaji ROM za mashine (chipu zenye programu zake za kudumu) ziwe nzima, na RAM ikiwa mbovu skrini inawaka na kuzima kama taa ya indiketa, unahesabu mara ngapi, idadi ndo inakuambia chipu ipi kati ya zile nane. Ni kitu kidogo, chepesi, kinakuja kwa posta kwenye bahasha. Kama kuna kitu kimoja cha kuagiza nje kabla ya vyote ningekwambia hiki.

Sasa upatikanaji. RAM 4164 hazitengenezwi tena ila dunia bado imejaa stoo za zamani, na ziko za Kisovieti zinaitwa K565RU5, zinafanya kazi ileile bila shida na mara nyingi ni bei poa. Njia ya kienyeji zaidi: tafuta mazabodi za kompyuta za 286 au kadi za zamani kwa watu wa vyuma chakavu, zina chipu 41256. Hiyo ni kubwa mara nne ila miguu inafanana, tofauti iko pini ya kwanza, kwenye 4164 haina kazi, kwenye 41256 ni laini ya adresi, unaiunganisha na graundi na mashine inaishi. Mwambie fundi wako pia kwamba kwenye hizi RAM pini 8 ndo inaingia volti 5 na 16 ndo graundi, kinyume na zile chipu ndogo za kawaida zenye namba zinazoanza na 74 alizozoea, asije akapima akadhani zimewekwa kichwa chini miguu juu.

Hizo za 74, 74LS257 na ndugu zake, ndo zile za kundi la kwanza, hizo nenda dukani. Shida moja, Commodore walikuwa na kiwanda chao cha chipu, MOS Technology wa Pennsylvania waliomnunua mwaka 1976, na wakati mwingine walibandika za kwao zenye namba zisizoeleweka kama 7708 ambayo ni hiyohiyo 74LS257. Za kwao hizo zinakufa sana. Fundi akiisaka 7708 hataiona popote ndo anakuja kukuambia spea hazipo.

Kuna chipu moja inaitwa PLA, 906114-01, ndo inayogawa nani aongee na RAM saa ngapi. Hiyo ndo maarufu kwa kuleta skrini nyeusi baada ya RAM na pawasaplai. Orijino usitafute, ninasema hivyo kwa moyo mweupe, maana utanunua kitu cha zamani chenye ugonjwa uleule. Nunua mbadala wa kisasa, PLAnkton kwa mfano, inachomekwa palepale. Wengine wanakushauri uchome data kwenye EPROM 27C512, yaani chipu tupu ya kuandikia, uiweke na adapta, inawaka kweli na ni rahisi kwa fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu, ila muda wake wa kujibu hauendani sawasawa na baadhi ya katriji na magemu, mimi naiona ya kupimia tu. Chipu mbili za 6526 zinazoshughulika na kibodi na milango ya nje zina mbadala wake pia, J-CIA64. Na hizo mbili zinafanana kabisa, kwahiyo kama ziko kwenye soketi badilishana nafasi uone kama ugonjwa unahama, hicho ni kipimo cha bure.

Kundi la tatu ni mbili tu kimsingi, ya picha inayoitwa VIC-II na ya sauti inayoitwa SID. Hizi hamna kampuni nyingine iliyowahi kuzitengeneza, na Commodore ilifilisika mwaka 1994. SID ndo ghali kuliko zote kwasababu sio watu wa kompyuta tu wanaozitaka, watu wa muziki nao wanazinyofoa waziweke kwenye vinanda, mpaka kampuni ya Elektron ya Sweden iliwahi kutoa sinthesaiza yenye SID ndani. Penye bei hapo na wezi wamejaa. Zinauzwa SID feki ambazo ni chipu nyingine kabisa zimekwanguliwa juu zikachapwa upya, ukipitisha pamba yenye asetoni maandishi yanatoka na chini yake unaona uso uliosuguliwa. Angalia na tarehe, MOS waliandika wiki kwanza halafu mwaka, kwa mfano 0687 ni wiki ya 6 ya 1987, ukiona 6581 "mpya" zinauzwa kumi kumi zote tarehe moja zinang'aa kama zimetoka jana, pita njia nyingine.

Habari njema kwako, SID haihusiani na skrini nyeusi. Unaweza kuichomoa kabisa ukawasha na mashine ikaja na ule uso wake wa bluu, kwahiyo usiinunue sasa hivi hata mtu akikuahidi bei ya jioni. Ukifika huko ikawa imekufa kuna mbadala kama ARMSID, masikio yangu mimi yanaridhika nayo, wapo watakaokuchukia kwa kusema hivyo. VIC-II nayo ina mbadala, VIC-II Kawari, sio ya bei rahisi. Ukiamua kutafuta orijino hakikisha ni 6569, hiyo ndo ya PAL, mfumo wa TV kama wa Uingereza. Ukiletewa 6567 ni ya Marekani na haitaelewana na kristali (kinachopiga mapigo) ya mashine yako, ya kwako ni 17.734 MHz, ya Wamarekani ni 14.318.

Na kama itafika mahali unahitaji VIC na SID zote, acha kununua moja moja, tafuta C64 nzima iliyoandikwa mbovu au ya spea, Uingereza na Ujerumani ziko nyingi, ziliuzwa mamilioni. Dai picha ya mazabodi ikiwa wazi. Muuzaji anayepiga picha ya kibodi tu halafu anaandika "sijaijaribu" ameijaribu huyo. Kama una ndugu anayekuja likizo mwambie afungue aje na bodi tu, kasha abaki nalo, bodi ni nyepesi na haimzidishii mzigo. Chipu zikija kwa bahasha mwambie muuzaji azichomeke miguu kwenye ile foamu nyeusi, sio ile nyeupe ya kwenye maboksi ya TV, ile nyeupe inatengeneza umeme tuli unaoweza kuua chipu ndani ya bahasha.

Fundi akibadilisha chipu iliyopigwa solda moja kwa moja, asihangaike kuiokoa iliyokufa. Akate miguu yote kwa koleo dogo, atoe mguu mmoja mmoja kwa pasi, aweke solda mpya kidogo kabla ya kufyonza ili ya zamani iyeyuke vizuri, asafishe matundu, aweke soketi. Chipu ni ya kununua ila njia za shaba zikibanduka kwenye bodi huyo ndo mgonjwa wa kweli, na bodi za miaka ile zinabanduka ukizikalia na moto.

Kitu kingine kitakachokuchanganya: TV. Mashine ya Uingereza ikipita kwenye waya wa antena inatoa sauti kwa 6.0 MHz, kuna TV zinazotegemea 5.5, kwahiyo unaweza kupata picha safi bila sauti ukaenda kulaumu SID ya watu. Achana na antena, nunua au tengeneza waya wa AV unaotoka kwenye lile tundu la duara la nyuma kwenda RCA ya njano na nyekundu. Ikikubali utaona kioo cha bluu kimeandikwa 38911 BASIC BYTES FREE. Ikisoma namba pungufu ya hiyo, RAM bado ina kasoro sehemu.

Kibodi zikigoma baadhi ya herufi sio ugonjwa, ni vile vidude vyeusi vya kaboni vimechafuka, spiriti na pamba. Kasha kuwa njano waache watu wa Instagram, mimi siloweki plastiki ya miaka 40 kwenye dawa ili ipendeze.

Sasa kanda za mzee, na hizi ningezishughulikia leo kabla hata spea hazijafika, maana hiyo C64 yenyewe haihitajiki. Tafuta redio kaseti nzima, safisha hedi kwa spiriti, zungusha kanda mbele mpaka mwisho na kurudi mara moja ili ilegee kama imegandana, halafu icheze ukirekodi kwa waya kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye laptopu, sio kwa maiki ya simu mezani. Hifadhi kama WAV, 44.1 kHz, usibane kuwa MP3. Utasikia milio ya ajabu, ndo yenyewe hiyo. Kuna programu za bure zinazogeuza WAV hiyo kuwa faili la TAP, na faili la TAP linafunguka kwenye VICE, ambayo ni C64 ya kuigiza ndani ya laptopu, kwahiyo utaona mzee alikuwa anaandika nini kabla hata mashine haijapona. Sauti ikiwa hafifu kama imefunikwa blanketi, kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi ya redio, izungushe robo tu mpaka milio iwe mikali, lakini iwe ya redio. Ile ya kinasa cha Commodore usiiguse, inawezekana ndo iliyorekodi kanda zile na pembe yake bado ndo sahihi.